Barua ya Babu Silvester

Kila alasiri, Tekla akitoka shule huko Tosamaganga, aliteka maji kisha akakaa jikoni na bibi yake, Verediana. Darini juu ya moto, ndani ya mkebe wa majani ya chai, bibi alitunza barua moja. Mumewe, Silvester, aliiandika kwa penseli akiwa vitani Burma, katika Vita Kuu ya Pili. Hakurudi.

Mwaka 1974 watu wa sinema walifika Iringa. Walikuwa wakitengeneza filamu ya askari wa vita ile, wakitafuta barua na picha za wakati huo.

"Babu yako ataonekana!" bibi alifurahi.

Tekla akafungua mkebe. Maandishi ya penseli yalikuwa yamefifia. Mistari mitatu ya katikati ilifutika kabisa kwa moshi. Watatucheka, aliwaza. Akachukua kalamu ya wino, akaipitisha juu ya kila herufi. Palipofutika akaandika yake: Nitarudi Krismasi, mke wangu.

Bibi hakujua kusoma, na hakukumbuka tena yote aliyosomewa zamani. Tekla alipomsomea, bibi alilia.

"Hapo pa Krismasi, rudia," aliomba. Tena na tena.

Kesho yake Bwana Philbert wa sinema alikuja. "Kamwene, mama," alimsalimu bibi kwa Kihehe. Akaipeleka barua dirishani, akaikagua.

"Wino huu ni wa babu?"

"Ndiyo," alijibu Tekla.

"Tekla!" alisema mama yake, Damari, aliyekuwa mlangoni. "Mbona vidole vyako vina wino?"

Tekla akaangua kilio. "Nilitaka ipendeze tu, mama."

"Na Krismasi je, mjukuu wangu?" bibi aliuliza.

"Ni maneno yangu, bibi."

Bibi hakumgombeza. Alijifunika uso kwa kanga. Heri angemchapa.

Bwana Philbert aligeuza karatasi. Nyuma palikuwa na maandishi ya penseli yasiyoguswa: Kwa Verediana.

"Nitapiga picha hapa," alisema. "Tunaonyesha alichoandika yeye tu."

Mwaka uliofuata gari la sinema lilikuja kwenye uwanja wa shule kuonyesha filamu ile.

"Inama, wewe kichwa kama chungu!" watoto walizomeana.

Ghafla jina la bibi likatokea kwenye kitambaa cha sinema, kwa mwandiko wa babu. Likapita upesi.

"Hakuna kingine?" bibi alinong'ona.

"Hakuna, bibi."

Njiani Damari alimshika bintiye mkono. "Moshi ulifuta mistari mitatu, mwanangu. Wewe ukafunika iliyobaki. Ukikuta pengo, sema ni pengo. Usilijaze kwa uongo, hata uwe mtamu, maana kuna mtu atauamini."

Mbele yao bibi alitembea peke yake, mkebe kifuani.