Jibu la Nyuma ya Mlango

Maiti ya mkuu wa chuo ililala chali chini ya ngazi, na kando yake kinasa sauti kidogo kilikuwa bado kinaongea. Mwanafunzi mmoja alisoma sentensi ya lugha ya kigeni, akafika kwenye neno refu la katikati, akalimeza nusu. Akafuata mwingine, sentensi ile ile, akalimeza pale pale. Koplo aliinama akizime.

"Kiache kwanza, dada," alisema Inspekta.

Kituoni walimwita Siafu, kwa kuwa kila akiketi huinuka kama aliyekalia siafu. Alihoji akitembea, alikula akitembea, na mkewe aliapa kwamba hata usingizini miguu yake ilikuwa na safari. Jioni hiyo aliipanda na kuishuka ngazi ile mpaka daktari wa polisi akamwomba asimame, maana alikuwa anamtia kizunguzungu.

"Haya, sema, daktari."

"Anayejikwaa akishuka huanguka mbele. Anayeteleza huteremka kwa makalio. Huyu amekwenda kinyumenyume toka juu, kisogo kikapasuka. Na kifungo hiki kimeng'olewa kifuani. Kasukumwa na mtu waliyekuwa wanatazamana."

Alama za vidole kwenye mkono wa ngazi zilikuwa za chuo kizima, kwa hiyo hazikumfaa mtu. Aliyefaa kidogo ni mlinzi.

"Kengele ya jioni ilishalia, wanafunzi wametoka," alisema. "Nikasikia ukelele, halafu kishindo. Mimi niko getini nimesikia. Hao walioko juu watakosaje kusikia?"

Walioko juu walikuwa wawili tu, wote walimu wa lugha ile ya kwenye kinasa. Mmoja ni mwanamke wa makamo ambaye wanafunzi walimwita Mama Matamshi, kwa ukali wake wa zamani juu ya kila herufi. Mwingine ni bwana mmoja mpole, mwenye jibu la kila neno, waliyempa jina la Kamusi.

Kamusi alikuwa ameshaandikisha maelezo yake kwa Koplo, kwa hiyo Siafu alianza na mama. Alimkuta darasani kwake, rundo la madaftari mbele yake, kalamu nyekundu mkononi. Alimfuata Inspekta kwa macho kila alikogeuka, kama mtu anayemvizia nzi.

"Nasikia mkuu alitaka kukufukuza."

"Keshokutwa nilikuwa niende mbele ya kamati. Kosa langu ni utendaji duni. Darasa langu zima limeanguka mtihani wa kuzungumza."

"Una wakili?"

"Wa chama cha walimu. Akasema utaratibu umefuatwa: nimeonywa, nimepewa muda wa kujirekebisha, sasa napewa nafasi ya kujitetea. Akaniuliza, utetezi wako ni nini? Nikakosa la kumwambia."

"Ulisikia ukelele?"

"Hapana. Nilikuwa nasahihisha, mawazo yote yalikuwa hapa."

"Mwenzako anasema ukelele ulimkuta mlangoni kwako. Mlango umefungwa, akakuomba kalamu ya ubao, ukamjibu huna. Kweli?"

Kalamu nyekundu ilisimama. "Kweli," alisema.

Siafu alikuwa anaelekea dirishani, uso umegeuka nusu. "Na kelele za watu kugombana, kabla ya hapo?"

"Ndiyo, ililia kama kawaida."

"Nini ililia?"

Aliuliza akitazama uwanja, na jibu halikuja. Aligeuka, akamkuta mama anamtazama vile vile. "Nimekuuliza, nini ililia?"

"Kengele," alisema haraka. "Si umeuliza kengele?"

Kwenye ujia Koplo hakuwa na shaka yoyote. "Ndiye, Afande. Sababu anayo, alikuwepo, na anakana kusikia kilichosikika mpaka getini. Njia ya mwongo ni fupi."

"Pengine," alisema Siafu. Kuna kitu kilikuwa kinamwasha na hakukijua. Hasira ilimpanda, maana alichukia kuwashwa na kitu asichokiona.

Kamusi aliwangoja chumba cha walimu, amejiinamia. Alilia kwa staha. Mkuu alikuwa kama kaka kwake, alisema. Yule mama naye alimwonea huruma, ila watoto walikuwa wameharibika mikononi mwake.

"Hao watoto, walianzia kwake?"

"Miaka miwili ya kwanza niliwafundisha mimi. Halafu wakapanda kwake."

Siafu aliweka kinasa mezani, akakiwasha. Lugha ile hakuijua hata salamu yake. "Hebu nisemee sentensi hii, mwalimu. Nataka niisikie inavyopaswa."

Kamusi aliisema vizuri, kwa madaha, na alipofika kwenye neno refu la katikati akalimeza nusu.

Usiku ule mke wa Siafu alihamia chumba cha wageni. Kelele, kengele. Kelele, kengele. Bwana alizunguka sebuleni akiyatamka hayo mawili kama mwehu, akarudi tena dirishani, akajiona jinsi alivyosimama jana: mgongo kwa mama, uso kwa uwanja. Akaketi chini kwa mshangao, kisha bila shaka akainuka.

Asubuhi chuo kilifungwa kwa msiba. Mama Matamshi alikuwa peke yake darasani anafuta ubao, mlango wazi. Siafu alisimama kizingitini.

"Hodi," alisema.

Mama aliendelea kufuta.

"Hodi, mwalimu." Akapaza sauti mpaka mlinzi akachungulia kutoka getini. "Hodi humu ndani!"

Ubao ulizidi kung'aa. Koplo, nyuma yake, aliacha mdomo wazi, kisha akasema polepole, "Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Na kilio chenyewe hakukisikia," alisema Siafu. "Sasa niambie, dada. Kama hodi ya mlango wazi haimfikii, ni nani aliyejibu kupitia mlango uliofungwa?"

Alizunguka akasimama mbele ya mama. Mama akashtuka, akaangusha kifutio. Siafu akafanya jambo ambalo Koplo alilisimulia kituoni wiki nzima: alivuta kiti, akaketi usoni pake, akatulia.

"Tangu lini, mama?"

Macho ya mwalimu yalijaa. "Mwaka na kitu. Kwanza zilipotea herufi nyembamba, zile za mwisho wa maneno. Halafu watoto nyuma ya darasa. Sasa husoma midomo. Wakikosea sijui. Mimi, niliyekuwa namrudisha mtoto mara kumi kwa herufi moja."

"Mbona hukusema?"

"Nani anamwajiri mwalimu wa matamshi asiyesikia?"

"Wakili naye hukumwambia?"

"Hata mume wangu anadhani nina kiburi, nikiitwa siitiki."

"Sikiliza," alisema Siafu, akajing'ata ulimi. "Nitazame, mama. Jana ulithibitisha kwamba mwenzako alikuwa mlangoni kwako. Neno lako ndilo ngao yake. Usipolifuta, nitamkamata asiye na hatia, na huyo ni wewe. Lakini sharti uliseme mwenyewe, mbele yake, na baadaye mahakamani, mbele ya watu."

"Nikilisema nimejifukuza kazi kwa mdomo wangu."

 Siafu alitamani kuinuka, akajizuia. Mama alikiokota kifutio, akakirudisha mahali pake.

"Mwite," alisema.

Kamusi aliingia na sura ile ile ya msiba. Siafu alimwomba arudie maelezo yake, akayarudia neno kwa neno: mlango umefungwa, kalamu ya ubao, sina.

"Sikukujibu," alisema Mama Matamshi. "Huwezi kunisemesha nyuma ya mlango nikakujibu. Sisikii nisichokiona."

"Lakini jana ulisema ndiyo."

"Nilisema."

"Basi..." Kamusi alimgeukia Inspekta, na staha yote ilikuwa imemtoka. "Husema ndiyo. Asiposikia husema ndiyo, akibanwa husema ndiyo. Nimemwona mwaka mzima. Nilijua hatathubutu kunikana."

Koplo aliacha kuandika. Kamusi naye alisikia alichokisema, akatafuta kiti kwa mkono kama kipofu.

"Ulijua siwezi kuwasikia wale watoto," alisema mama, "ukaniacha nibebe mzigo wako."

"Ulikuwa unaubeba mwenyewe. Mimi nilinyamaza tu."

"Mkuu alikwambia nini?" aliuliza Siafu.

"Aliniita juu ya ngazi na kile kinasa. Sikiliza, akasema, wote wanakosea sawasawa. Kosa hili ni lako, wewe ndiye uliyelipanda. Keshokutwa atakayesimama mbele ya kamati ni wewe." Akajifuta uso. "Lugha ile nilijifunza kwenye redio, Inspekta. Redio yenyewe mbovu. Sijawahi kuzungumza na mwenye lugha hata mmoja. Miaka yote naogopa mtu wa kuja kunisikia. Nikamwomba ashushe sauti, mwenzetu yuko chumba cha pili. Akaipandisha. Nilimsukuma anyamaze, basi."

"Ukamwomba ashushe sauti," alisema Siafu, "kwa ajili ya mtu uliyejua hasikii."

Kamusi alinyoosha mikono. Koplo alimfunga pingu, akamtoa.

Wakili wa chama alipigiwa simu na Siafu mwenyewe. Hakuahidi makubwa. Alisema ugonjwa ni kitu kimoja na uzembe ni kingine, na kama mama angesema mapema chuo kingelazimika kumtafutia vifaa au kazi nyingine. Sasa kazi itakuwa ngumu, ila angalau ana cha kutetea.

Mama Matamshi alikuwa anayafunga madaftari yake kwa kamba. Koplo alirudi mlangoni, nyuma yake, akasema kitu juu ya gari la kumpeleka nyumbani. Mama alihisi sakafu ikitikisika. Kwa mazoea mdomo ulishaanza kufunguka useme ndiyo.

Akageuka.

"Sikusikia," alisema. "Rudia, mwanangu."