Machela Mbili Kule Momela

Jua lilikuwa linazama tulipofika Momela, Simel na mimi. Mdachi wetu, yule Mjerumani tuliyembebea mizigo, alikuwa ametutanguliza kutayarisha kambi kando ya ziwa, yeye angefika kesho yake na wapagazi wengine. Siku hizo boma la Wadachi pale Arusha lilikuwa jipya, na vijana wengi wa Meru tulikuwa migongo ya kubebea mizigo yao.

Mimi ni Sumari. Simel alikuwa Mwarusha, mpagazi mwenzangu wa miaka miwili. Niliwahi kushikwa na homa njiani, akanibeba kutwa nzima asiniache. Kwa hiyo alipojitolea kunifundisha kulala kwenye machela, nilimsikiliza kama mtoto.

Machela zilikuwa mbili, turubai nzito zenye kamba kwenye ncha zote mbili, zile ambazo Wadachi walibebwa nazo wakichoka. Chini kulikuwa na siafu na tope la nyati. Hatukuwa na pengine pa kulala.

"Funga kwenye mti ulio hai," Simel alisema. "Uliokauka utakuangukia."

Nikafunga.

"Usiikaze sana. Iache ilegee. Halafu lala mshazari, mgongo utanyooka. Tandika majani mengi chini yako. Kwenye machela baridi haitoki juu, inatoka chini."

Yote yalikuwa kweli. Hata leo mtu akilala kwenye machela mara ya kwanza namwambia hayo hayo.

Kisha akavua shuka lake jekundu, akanifunika.

"Na wewe?"

"Mimi nimezoea." Alikuwa hanitazami. "Jambo moja tu limebaki, Sumari. Mgeni wa machela hubadilishana jina na mwenzake usiku wa kwanza. Wewe leo ni Simel. Ukisikia unaitwa, itika."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nililala vizuri. Kilichoniamsha ni kimya. Ndege heroe waliokuwa wakipiga kelele ziwani walikuwa wamenyamaza wote, na mashariki mwanga wa alfajiri ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Nikasikia harufu ya jivu lililomwagiwa maji. Lakini moto wetu ulikuwa bado unawaka...

"Simel."

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. Niliifahamu. Ilikuwa ya Parsimei, mpagazi aliyekwenda Momela na Simel mwaka uliopita, asirudi. Tuliambiwa aliuawa na nyati.

"Simel... uko wapi?"

Nilikuwa nusu usingizini. Niliambiwa niitike.

"Nipo," nikasema.

Majani chini yangu yakachakarika.

Kitu kikagusa turubai kwa chini. Mgongo. Nilihisi uti wa mgongo wa mtu, pingili kwa pingili, ukijibana kwenye wangu, na baridi yake ikapenya hadi kifuani. Kikaanza kuninyanyua taratibu... kama mtu anayembeba mgonjwa.

"Simel!" nikanong'ona. "Simel, nisaidie!"

Nikageuza shingo. Machela yake ilikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu. Alikuwa macho, amejikunyata, ameziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanamtiririka.

Alikuwa ananitazama.

Hakuinuka.

Sauti ikaniambia sikioni, polepole, "Safari hii usikimbie."

Mwanga ulipotimia, machela yangu ilikuwa imetulia. Nilishuka. Majani niliyoyalalia yalikuwa yamelowa maji ya jivu.

"Umenifanya nini?" nikamuuliza.

"Nyati alimvunja miguu tu," Simel akasema. "Alikuwa hai. Aliniita, mimi nikaumwagia moto maji asinione, nikakimbia. Tangu siku ile ananiita kila alfajiri, Sumari. Kila alfajiri! Mganga akasema nimpe Simel mwingine, mtu anayeniamini. Asiyeniamini hafai."

Nilishika panga. Nilikuwa nimekwisha kulinyanyua nilipoona kwamba amelala. Alisinzia palepale, ameegemea mti, mdomo wazi, kama mtu ambaye hajalala mwaka mzima. Nikaliweka chini. Nikashika njia ya nyumbani peke yangu.

Siku ya nne mama yake Simel, Sinyati, alikuja kwetu na kibuyu cha maziwa. Nilimwamkia shikamoo. Macho yangu yalikuwa mekundu, maana usingizi ulikuwa umenikimbia tangu Momela; kila alfajiri sauti ile iliniita, "Simel."

"Marahaba, baba," akaitikia. "Nimekuja kushukuru. Tangu mliporudi, mwanangu analala."

Nikamtazama vizuri. Akainamisha uso.

Mama yangu, asiyejua lolote, akanihimiza ninywe maziwa ya mgeni. Nikanywa. Sinyati alisubiri mpaka nilipomaliza, akachukua kibuyu chake, akaaga kwa haraka.

Hakuniuliza mimi nalala vipi.