Kilima Katikati ya Maji

Waya wa ua uliozama ulijisokota kwenye propela, injini ikakohoa na kunyamaza. Mkondo ukaigeuza boti ubavu, ukaanza kuikokota.

Muuguzi alikumbatia kasha la dawa, magunia ya unga na madumu ya maji yamerundikana nyuma yake. Ng'ambo ya mahindi yaliyochungulia majini alikiona kilima walikokuwa wakienda. Familia zilizokimbia mafuriko zilikwama huko, zimezungukwa na maji bila tone la kunywa, na watoto walikuwa wanaharisha. Sasa kilima kilikuwa kinampita.

"Tunapelekwa wapi?"

"Darajani," alijibu nahodha, ambaye wenzake walimwita Kobe kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ana haraka. "Na daraja lenyewe halipo tena."

Safari hii alikuwa na haraka. Alinyakua koleo la kukatia waya, akajitosa. Muuguzi aliona viputo, kisha tope, kisha wekundu. Kobe akaibuka na kipande cha waya mkononi, paja limechanika. Muuguzi alimvuta ndani kwa mkanda wa suruali, akavua kitambaa chake cha kichwa na kulifunga jeraha mpaka mwanamume akaguna.

Injini iligoma. Maji yalikuwa yanaingia kwa nyuma.

"Maji yamezidi unga, dada," Kobe alisema huku akihema. "Na huo unga ndio unatuzamisha. Tupa."

"Wale watu wana njaa!"

"Na sisi tukizama watakula nini? Tupa!"

Alitupa. Gunia baada ya gunia lilidumbukia. Alibakiza kasha la dawa na madumu ya maji safi. Boti ikainuka kidogo. Wakapiga makasia kama waliopagawa, huku mngurumo wa darajani ukizidi kukaribia.

Kilimani walishawaona. Mwanamume mmoja aliingia majini hadi shingoni, kiunoni amefungwa mashuka yaliyounganishwa, ncha ya pili wameishika wanawake ufukoni. Boti ilipompitia karibu, alijirusha akaung'ang'ania ukingo wake.

"Vuteni!"

Wakavuta. Mashuka yalilia, yakakaza, hayakukatika.

Muuguzi alitua topeni kwa magoti. "Unga tumeutupa wote," alisema kabla hata hajasalimia. "Nisameheni."

Mama mmoja alimtazama, mtoto amemlegea begani. "Huyu hata maji hayakai tumboni, dada. Unga wa nini? Njoo."

Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, midomo imekauka kama ganda. Muuguzi alikoroga chumvi ya dawa katika maji safi, akampakata, akaanza kumnywesha kijiko baada ya kijiko. Mtoto akatapika. Muuguzi akaanza upya. Mtoto akatapika tena, naye akaanza tena, mgongo unamuuma, mvua inampiga utosini.

Alasiri ilipokuwa inaisha alihisi joto mapajani.

"Jamani, amekukojolea!" Mama alikurupuka kumpokea mwanawe. "Samahani sana."

"Muache!" Muuguzi alicheka, machozi yakimchuruzika. "Mkojo huu ndio niliokuwa nautafuta."

Kwa mbali injini nyingine ilinguruma. Watu wakakimbilia majini wakipunga nguo. Kobe alijikongoja hadi kwake. "Wametufuata, dada. Twende nyumbani."

"Wewe nenda ukashonwe hilo paja. Waambie walete unga."

Kobe akaondoka akichechemea. Muuguzi akaosha kijiko, akainua macho.

"Nani anafuata?"