Gramu Thelathini

Skrini ilijaa mistari tena.

Verna Lindqvist alitoa tusi zito. Ndege yake ndogo ya rimoti ilikuwa juu ya mto St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada, upande wa Michigan, na chini yake boti tatu nyeupe zilikuwa zikielekea Kanada. Mojawapo ilimbeba Oakes, jasusi mwenzake kwa miaka tisa, amefungwa mikono na wauza silaha.

Ipi?

Boti ya doria ilikuwa moja tu. Wakichagua vibaya, Oakes anavuka mpaka, na huko hatoki hai.

"Prentiss," alisema kwenye redio. "Picha imechafuka."

"Haiwezekani, bibie," alijibu mkuu wa vifaa, ametulia ndani ya gari lenye kiyoyozi hatua hamsini nyuma yake. "Kamera hiyo ni ya kisasa kabisa."

"Umeipa umeme kutoka wapi?"

"Betri ya mota. Nimepunguza uzito, gramu thelathini nzima!"

Lo! Mtu ana shahada tatu ukutani, na hajui jambo ambalo kila mzee mstaafu wa klabu yoyote ya ndege ndogo analijua. Mota ikivuta umeme kwa nguvu, inauchafua. Kamera ikitumia betri hiyohiyo, uchafu wote unaingia kwenye picha.

"Naishusha."

"Thubutu! Zimebaki dakika sita wavuke mpaka, na mimi ndiye—"

Akazima redio.

Ndege iligusa nyasi. Verna aling'oa waya wa kamera. Mfukoni alikuwa na betri ndogo ya ndege yake mwenyewe, ile anayorusha Jumapili. Akaiunganisha na kamera peke yake, akasokota nyaya zake mbili pamoja, akazipitisha mara tatu kwenye pete nyeusi ya kuzuia kelele za umeme. Akafunga kila kitu kwa mpira wa kubania karatasi.

Dakika mbili.

Akairusha. Mota ilinguruma, na picha ikatulia.

Boti ya kwanza, wavuvi wanakula sandwichi. Ya pili, wavuvi wamelala. Ya tatu, turubai la bluu, na kiatu kimejitokeza chini yake, kinapigapiga sakafu. Kamba zake za rangi ya chungwa. Ni Oakes tu ambaye angevaa takataka ile kazini.

Akawasha redio. "Doria! Ya tatu, yenye turubai!"

Dakika tatu baadaye wauza silaha walikuwa wamelala kifudifudi, wanalia kama watoto.

"Yuko hai," doria walisema. "Anaulizia kahawa."

Prentiss alishuka garini, anarekebisha tai. "Si nilikwambia? Kamera ya kisasa!"

Verna alichomoa ile betri ndogo, akamwekea kiganjani.

"Hii nini?"

"Gramu thelathini. Kamwonyeshe mke wa Oakes, umweleze kwa nini hukutaka kuzibeba."

Akaipachika ndege kwapani, akaenda zake.