Leso kwenye Mguu wa Kushoto

Jumamosi ile soko la Nakuru lilikuwa limefurika, na Kemboi kwa haraka zake akamkanyaga msichana mbele ya kibanda cha vitambaa.

"We! Huna macho?"

"Pole, dada. Ni hii miguu yangu."

"Ngoja. Si wewe Kemboi wa timu ya Reli? Mtaani kwetu Bondeni wote wanailaani hiyo miguu!"

Aliitwa Kadija, fundi wa cherehani, buibui lake kaliacha wazi makusudi ili gauni la maua lionekane. Alipocheka, Kemboi alikwisha.

Kijana huyu alianza kama winga wa timu ya shamba la ngano huko Rongai, akicheza peku kwenye mabua, akapanda mpaka timu ya Reli. Sasa ilibaki mechi moja. Akiwika mbele ya timu ya Bondeni, anachukuliwa timu ya jimbo, anakwenda kucheza Nairobi. Ila kifundo chake cha kushoto kilikuwa na jeraha la zamani, na aliyelijua ni Kadija tu, ambaye sasa alikuwa mpenzi wake. Tena beki wa Bondeni, Bashir, jitu la buti na hasira, alikuwa kaka yake Kadija. Baba yao alishafariki, kwa hiyo Bashir ndiye walii, mwenye kauli juu ya nani atamwoa dada yake, naye Kemboi hakuwa Mwislamu.

"Nifunge, mpenzi," Kemboi alimbembeleza asubuhi ya mechi.

Kadija alichana leso nyekundu, akamzungushia kifundoni, akakaza. "Ukirudi umechubuka nitakununia wiki nzima."

Mechi haikufika mbali. Kemboi aliwapita wawili, akamwona Bashir anakuja mbio, macho hayako kwenye mpira. Buti likashuka juu ya ile leso. Mfupa ukalia.

"Hapa hapa," Bashir akasema, akakanyaga tena.

Watu wa Reli wakavamia uwanja. Mawe yakaruka, chupa zikapasukia vichwani, na askari wakaingia na virungu wakipiga yeyote aliyekuwa karibu. Kemboi alibebwa juu ya benchi akipiga mayowe, damu ikichuruzika mpaka barabarani.

Timu ya jimbo ikaondoka bila yeye. Akabaki hospitalini na plasta mpaka pajani, akimlaani Kadija. Nani mwingine aliujua mguu ule? Kadija alipokuja, Kemboi aligeukia ukutani.

"Ulimwambia."

"Nitazame kwanza, Kemboi."

Akageuka. Jicho moja la Kadija lilikuwa limefumba kwa uvimbe, mdomo umepasuka.

"Hakuambiwa na mtu. Ile leso ni ya marehemu mama, ndiyo aliyombebea Bashir mgongoni. Mimi mjinga nikaichana kwa mapenzi. Akaitambua toka mbali. Alipokumaliza wewe, akaja nyumbani kunimaliza mimi. Na leo amesema nikikanyaga hapa, nisirudi."

"Na umekanyaga."

"Nimekanyaga."

Kemboi alilia bila aibu. "Daktari anasema sitakimbia tena, Kadija. Sina miguu."

"Kwani nilipenda miguu? Miguu ilinikanyaga!"

Walikuwa bado wanacheka na kulia pamoja mlango ulipopigwa teke. Bashir akaingia na rungu mkononi, akamshika dada yake nywele. Kemboi hakungoja. Alichukua gongo lake la kutembelea, akajiinua kwa mguu mmoja, akamtandika nalo la taya. Jitu likaanguka chali, rungu likabingirika uvunguni.

"Hilo ni la jicho la Kadija," Kemboi alisema, akihema. "Ukimgusa tena nakuua. La mguu wangu nimekusamehe."

Bashir alitema jino. Macho yake yakakutana na kile kipande cha leso pembeni mwa kitanda, kimekauka damu. Akakitazama muda mrefu. Akanyosha mkono, akaigusa ile leso ya mama yake.

"Sasa vuta kiti, shemeji," Kemboi akamwambia. "Kusilimu nitasilimu. Nina posa, na hapa duniani hakuna mwingine wa kumpelekea ila wewe."

Bashir akajifuta damu kwa mkono, akavuta kiti.