Mwenye Damu

Kanga ya Ruweida ilikataa kukauka. Ilianikwa uani kwa mavyaa wake, mama wa mumewe, Vitongoji, asubuhi ile ile aliyokufa, na mpaka siku ya hitima, jua linawaka hata mchanga unachoma nyayo, nguo nyingine zote zimeshakakamaa, yake bado inachuruzika. Na maji yenyewe yananukia marashi. Wanawake waliokuwa wakipika wali wa hitima waliipita kwa mbali, kila mmoja anajifanya hakuiona.

Mzee Jecha aliiona. Huyu ndiye baba wa marehemu, sajini mstaafu wa jeshi, mtu wa Tibirinzi, mgane wa miaka mingi. Mkewe Mwatum alikufa akamwachia Ruweida akiwa mchanga, hajaota hata jino. Jecha akamlea mwenyewe kwa mikono ile iliyozoea bunduki, akajifunza mpaka kusuka nywele, watu wakamcheka wakachoka. Hakuoa tena. Hakuwa na mtoto mwingine.

Sasa mtoto kafa, na wamemzika bila ya yeye! Siku ile Jecha alikuwa Wete, simu yake mfukoni, iko wazi kutwa nzima, wala haikulia. Aliporudi, kaburi limeshafukiwa.

"Presha ilimpanda ghafla, baba," alisema Ashraf, mume wa Ruweida, huku anatazama chini.

Presha gani? Msichana aliyekuwa akibeba ndoo ya maji kichwani na nyingine mkononi huku anaimba! Jecha alikaa hapo msibani akawauliza watu mmoja mmoja, taratibu, kama alivyokuwa akiwahoji askari kambini walioacha lindo. Nani alimkuta? Nani alisema azikwe upesi? Kila jibu liliishia kwa mtu mmoja: Bi Kijakazi, mama yake Ashraf.

Mwisho akamfuata nyumbani kwake Bi Mwanawema, aliyemwosha marehemu. Mwanamke yule alifunga dirisha kwanza, mchana kweupe.

"Mwanangu alikuwa na jeraha?"

"Hana. Na mengine usin'ulize, afande. Siri ya maiti haisemwi."

"Mie ni babake."

Bi Mwanawema akajifuta macho kwa pembe ya buibui. "Kisogoni," akanong'ona. "Alinyolewa, duara dogo hivi, kwa wembe. Weye mtu mzima, wajua maana yake."

Alijua. Pale kijijini nani asiyejua? Mfugaji wa jini akitaka kumtoa mtu kwa jini lake, humnyoa huyo mtu kisogoni, na zile nywele akazitia kwenye chano, sinia la jini, pamoja na halua, mayai na marashi. Na nyuma ya kichwa cha Ruweida kila Alhamisi alikuwa akikaa nani na chanuo? Mavyaa wake.

"Kuna jengine," Bi Mwanawema akasema, na sauti ikazidi kushuka. "Yumna, mjukuu wako. Jana nilimfunga mtandio. Na yeye keshanyolewa."

Jecha alitoka mle ndani. Kama si Yumna angekwenda moja kwa moja akamkaba mwanamke yule shingo, liwalo na liwe. Lakini jini halikabwi. Akaenda kwa Shehe Masoud, mganga wa kitabu, akamwambia yote.

Shehe alitikisa kichwa. "Kakosea, bibi huyu. Mtu humpa jini aliye damu yake. Ruweida alikuwa mkwe tu. Jini limekula, kisha limejua limedhulumiwa, sasa linataka haki yake. Na Yumna ni damu yake, mtoto wa mwanawe."

"Na ni damu yangu!"

"Ndiyo maana sauti unayo. Mwenye damu akiliuliza, litajibu. Mie nitalifunga, twende tukalitupe baharini, na mtoto atapona. Lakini nakuasa, Jecha. Usiliambie lirudi kwa aliyelituma. Amri hiyo litaitii, litamla yule liliyemfanya kiti chake, na likishakosa kiti, litamkalia aliyetoa amri."

"Kwa hiyo yule mwanamke anabaki hai?"

"Anabaki. Yumna naye anabaki. Wewe wataka nini zaidi?"

"Sawa, shehe," Jecha akasema, vile kuruta anavyosema sawa huku moyoni ana lake.

Waliingia kwa Bi Kijakazi baada ya Alasiri. Ashraf walimwacha barazani na Yumna mapajani, mtoto analegea kama mwenye homa. Bi Kijakazi alikuwa kitandani, kajitanda gubigubi.

"Karibu, mkwe wangu," akasema. "Mbona hata chai hamjanywa?"

Shehe akatia ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma. Kwanza ilikuja harufu ya marashi, nzuri, ya harusini. Kisha chini ya ile harufu ikaja nyingine, ya nyama iliyolala juani, na bati likaanza kulia juu ya vichwa vyao, kwa, kwa, kwa, kama mtu anayetembea na viatu, akaja mpaka juu ya kitanda akasimama, na Bi Kijakazi akaketi wima bila ya kushika godoro, shingo imemlegea, kidevu kifuani, na mdomo wake ukatoa sauti ya kijana wa kiume, tulivu, mwenye adabu zake, sauti ambayo mtu angeweza kuipenda kama hajui inatoka wapi.

"Shikamoo, afande."

Shehe Masoud akamgusa Jecha begani. "Muulize."

"Nani kakupa mwanangu?" Jecha akauliza.

"Huyu niliyemkalia. Mie nilimtaka Ashraf. Akalia, akanishika miguu. Chukua yule mkwe, akanambia. Yule hana mama, hatokuwa na wa kumuulizia."

Jecha hakusikia tena kisomo wala bati. Hana mama! Na zile nywele alizokuwa akizisuka yeye, jikoni, ulimi katoa nje kwa kujitahidi, kitoto kinampigia kelele, baba waniumiza? Hana wa kumuulizia?

Shehe alikuwa keshatoa chupa na uzi mweusi, amefunga fundo la kwanza, sauti yake inapanda. Bi Kijakazi akazinduka, macho yake mwenyewe, machozi tele. "Nisamehe, Jecha. Mie ni mama. Ulitaka nimtoe mwanangu?"

"Na wangu ukamtoa."

"Jecha, nyamaza!" Shehe akapiga kelele. "Bado mafundo mawili tu!"

Jecha akasimama wima, visigino pamoja, akatoa sauti ile ya uwanja wa gwaride iliyokuwa ikiwatetemesha vijana wa watu.

"Rudi kwa aliyekutuma!"

"Lahaula!" Shehe akaiangusha chupa, na chetezo kikazimika, na Bi Kijakazi akanyanyuka kitandani hajashikwa na mtu, nywele zake za mvi zinamtoka kichwani mafungu mafungu kama kuku anayenyonyolewa, anaita mama, anaita Ashraf, anamwita Ruweida amwombee kwa baba yake, mpaka sauti ikamkatika katikati ya jina hilo na mwili ukaanguka chini kama gunia. Barazani, Yumna akapiga chafya, akaomba maji.

Jecha alifurahi. Tusimsingizie kuwa alijuta. Akambeba mjukuu wake akaondoka naye kwenda Tibirinzi, na Ashraf akawapisha. Shehe Masoud alibaki mlangoni anamtazama.

Usiku ule Jecha alilala fofofo. Asubuhi akatia chai, akakata boflo, akaweka siagi kama alivyokuwa akimwekea Ruweida. Yumna kakaa upande wa pili wa meza, mashavu yamerudi, anachezesha miguu na kuuliza habari za kuku wa jirani. Jecha alimtazama akahisi moyo unamjaa. Damu yake yote iliyobaki duniani ilikuwa pale, inakula mkate.

Akafungua kinywa aseme bismillahi. Haikutoka.

"Njoo, mwanangu," kinywa chake kikasema, kwa sauti ya kijana, tulivu, yenye adabu. "Njoo nikutazame vizuri."

Yumna akacheka. Alidhani babu anamchezea. Jecha akang'ang'ania meza kwa mikono yote miwili, akataka kumwambia kimbia, mama, kimbia, lakini ulimi haukuwa wake, na hata mikono ilikuwa inafunguka kidole kimoja kimoja, inajitandaza kumpokea.

Mtoto akateremka kitini, akazunguka meza, akamkalia babu yake mapajani.