Tarehe Niliyoificha

Kila asubuhi kabla ya shule nilimenya viazi huku nikimchunga mdogo wangu Rufino, wa miaka miwili. Mama alifuma mashuka ya sufi, Delfina mchanga akiwa mgongoni, na bibi yangu Saturnina alinitania, "Eulalia, unamenya viazi au unavichonga?"

Jumatatu moja Rufino alianza kuhema kwa shida kila alipokimbia nami. Jana yake nilikuwa nimemwacha achezee maji baridi ya mferejini, kwa hiyo niliogopa kulaumiwa, nikanyamaza. Wiki tatu baadaye mbwa wa jirani alimbwekea, Rufino akalia sana, na Mama akaona anavyohema. Nikapata kisingizio.

"Kashtuliwa na mbwa," nikasema. "Ndiyo maana anahema."

Kwetu Tarabuco, mtoto akishtuka husemwa roho yake imebaki palepale. Jioni Bibi alilibeba shati la Rufino hadi pale mbwa alipobweka, akalipunga akiita, "Njoo, Rufino. Twende nyumbani, baba." Alifanya hivyo kwa siku tisa. Nilisimama karibu yake, aibu ikinitafuna.

Rufino alipozidiwa tulimpeleka hospitali katika mji wa Sucre. Picha ya kifua ilionyesha uvimbe mkubwa kwenye pafu.

"Alianza lini kuhema?" Daktari Ledezma aliuliza.

"Siku kumi, tangu yule mbwa," Mama alijibu.

"Si kweli, Mama," nikasema. "Ni zaidi ya mwezi. Nilificha."

Mama hakunigombeza. Alinitazama tu, na mtazamo ule uliniumiza kuliko kofi.

Walikata kipande kidogo cha uvimbe wakakichunguza kwa hadubini. Damu nayo ilipelekwa mbali kupimwa vinasaba, yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Majibu yaliporudi, Rufino tulikuwa tumeshamzika.

"Ni uvimbe wa nadra sana, huwapata watoto wadogo," daktari alisema. "Unatokana na hitilafu ya kurithi. Lazima tuwapime nyote."

Mimi sikuwa nayo. Delfina, mdogo wetu wa miezi mitano, alikuwa nayo, na pafuni mwake kulikuwa na kifuko ambacho kingeweza kugeuka uvimbe kama ule. Alipasuliwa wiki ileile, kikatolewa chote.

Nikamwuliza daktari, "Ningesema mapema, Rufino angepona?"

"Sijui, binti yangu, na sitakudanganya. Yale maji hayakumdhuru. Lakini ulitunyima zaidi ya mwezi ambao tungemtibu. Ukiona mtu anaumwa, sema ulichokiona siku hiyohiyo, hata kama unaogopa."

Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Miezi mitatu baadaye tulimrudisha Delfina kuchunguzwa. Daktari akamwuliza Mama, "Mtoto anaendeleaje?"

Mama akanigeukia. "Eulalia, mweleze wewe."

Nikasema, "Alikohoa Jumanne mara mbili, Jumatano mara moja. Tangu hapo anapumua vizuri." Mama akanishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipotoka.